Watu Kama Miti: Mwongozo wa Kupata Macho ya Rohoni Katika Siku ya Kawaida

Ukipanda kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, saa kumi na moja jioni, utakutana na kuni zinazotembea. Ni tita refu kuliko mlango, limelala juu ya mgongo uliopinda, na kamba yake imepita kwenye paji la uso. Chini ya tita kuna mama. Nimepishana naye, au na mwenzake, karibu kila jioni kwa miaka mingi, na ninachokumbuka ni kusogea pembeni ili kuni zisichane shati langu.

Siku moja katika shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa, tulisoma Marko sura ya 8, habari ya kipofu wa Bethsaida. Yesu anamtemea mate machoni, anamwekea mikono na kumwuliza kama anaona kitu. Anajibu kwamba anaona watu, lakini kama miti, inakwenda. Baba mmoja akasema, "Huyo alikuwa Bukavu." Tukacheka wote. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza.

Kipofu huyo ndiye pekee katika Injili anayeponywa kwa awamu mbili. Mara ya kwanza anapata kuona. Mara ya pili, Yesu anapomwekea tena mikono, anapata kuona watu kuwa ni watu. Wengi wetu tumebatizwa, tunaimba korali, tunafunga na kukesha, na bado tumesimama katikati ya awamu hizo mbili. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuwekewa mikono mara ya pili.

Nalisema hilo mapema kwa sababu katika mji wetu neno "maono" limeshapata bei. Unaingia chumba cha maombi na shida yako, nabii anafumba macho, anaona nyoka chini ya kitanda, anaona shangazi wa upande wa baba, kisha inakuja habari ya bahasha. Sikatai kwamba Mungu huonyesha. Biblia imejaa ndoto. Lakini Paulo alipowaombea Waefeso aliomba macho ya mioyo yao yatiwe nuru, wapate kulijua tumaini lao. Hapo hakuna nyoka wala shangazi.

Kwanza, kubali kwamba huoni

Mama yangu alipata mtoto wa jicho. Ugonjwa huo hauji kwa kishindo. Lenzi ya jicho inaingiwa na ukungu na rangi ya manjano taratibu, na mwenye jicho anazoea. Mama alisema balbu za siku hizi ni mbaya. Alisema umeme ni dhaifu, na hapo tulimwamini, maana umeme wa Bukavu tunaujua. Alisema kitabu cha nyimbo kimepigwa chapa vibaya. Kila kitu kilikuwa na kasoro isipokuwa jicho lake.

Alipopasuliwa na kufunguliwa bandeji, alishangazwa kwanza na kitambaa cha bluu cha muuguzi, akakitazama kama mtoto. Kisha tukamrudisha nyumbani. Akaingia jikoni, akaona masizi ukutani, akashika kiuno. "Kumbe watu nilikuwa nawakaribisha humu?" Siku tatu tulikuwa na kazi ya kumzuia asiiname kusugua ukuta, maana daktari alikuwa amemkataza kuinama.

Ndiyo kipimo cha kwanza ninachokupa. Nuru ya Mungu ikiingia, huanza na jiko lako. Ukiomba kufunguliwa macho na jambo la kwanza unaloliona ni dhambi ya jirani, hiyo si nuru bado. Yesu alizungumzia boriti na kibanzi katika Mathayo 7, na wasikilizaji wengi husahau mwisho wa maneno yake: ukishaitoa boriti ndipo utakapoona vema. Lengo lake ni kuona, wala si kutuaibisha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanya hivi tu. Chukua daftari dogo. Kila jioni andika malalamiko yako ya siku ile: mkubwa wangu wa kazi, mke wangu, padri wetu, mpangaji wa nyuma. Usijitetee wala usijihukumu. Jumapili yasome yote na uulize mbele ya kila moja: je, yawezekana hii ni balbu, au ni jicho? Mengine yatabaki kuwa balbu kweli. Wapo watu wanaokuonea, na kuona vizuri si kuwageuza kuwa wema. Lakini mawili au matatu utayatambua.

Wiki hiyo hiyo chukua ombi la Bartimayo, kipofu wa Yeriko, aliyeulizwa na Yesu anataka afanyiwe nini: "Nipate kuona." Ni maneno mawili. Yanatosha kupanda nayo ngazi zozote za Kadutu.

Pili, dakika kumi na tano kabla ya simu

Najua pingamizi. Nyumba ina vyumba viwili na watu tisa, wapi utapata kimya? Nimeona watu wakikipata. Mama mmoja hukipata kwenye foleni ya bomba kabla hakujapambazuka: ameweka bidoni yake chini, kanga kichwani, midomo inacheza kidogo. Motari mmoja hukaa juu ya pikipiki yake kabla ya kuiwasha, na wenzake wamezoea kutomsemesha. Mimi mwenyewe, nisicheke mtu, kwa miaka miwili kanisa langu lilikuwa choo cha nje.

Tumia Injili ya Marko. Ina sura 16 na ni fupi kuliko nyingine zote. Usisome sura nzima, chukua tukio moja. Lisome mara tatu, kila mara kwa kazi yake. Mara ya kwanza sikiliza tu, kama mtu anayesimuliwa. Mara ya pili ingia ndani ya tukio na ujiulize umesimama wapi. Katika habari ya Bartimayo kuna kundi linalomkemea anyamaze. Mara nyingi ninajikuta hapo, nimevaa vizuri, nikiona aibu kwa kelele za maskini. Mara ya tatu funga kitabu, umwambie Yesu ulichokiona kwa lugha unayoongea na rafiki, iwe Kiswahili, Mashi au Kilega. Halafu acha, nenda kazini.

Simu isubiri. Si kwamba mahubiri yaliyomo ni mabaya. Ni kwamba ukianza na macho ya mhubiri, siku nzima utaona alichokiona yeye.

Tatu, jioni, itembee siku yako upya

Hatua hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ukibana muda, bana hatua nyingine. Ni ya zamani: Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajezuiti aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wenzake kuipitia siku kwa maombi, na mpaka leo wanaishika. Si ya Wakatoliki peke yao. Mchungaji wa Kipentekoste ninayemfahamu anaifanya kila usiku, ila haiiti kwa jina lolote.

Keti. Anza na shukrani, lakini shukrani zenye sura. "Asante kwa uhai" ni sawa, ila haikufundishi kuona. Sema asante kwa sombe (kisamvu) ya leo, kwa mvua iliyongoja mpaka nikafika, kwa yule kijana aliyenirudishia franka mia tano zilizodondoka.

Kisha omba nuru. Usiruke hapa. Ukiipitia siku kwa macho yako mwenyewe utakuwa wakili wako, au mnyongaji wako, kulingana na tabia uliyozaliwa nayo.

Sasa tembea saa kwa saa, tangu ulipoamka. Usiwinde dhambi tu. Tafuta mahali moyo ulipofunguka na mahali ulipokaza. Nitakupa Jumanne yangu moja. Mimi ni mwalimu. Saa nne asubuhi nilimkaripia mtoto aliyelala juu ya dawati. Nilimwona mvivu, nikamwita hivyo mbele ya wenzake. Jioni nikiipita tena ile saa, yule mtoto alikuja na vitu vingine: sare yenye unyevu, tope kavu hadi magotini. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na wewe unayeishi Bukavu unajua udongo wa vilima vyetu huporomoka mvua ikizidi. Mtoto hakulala. Tope lile nilikuwa nimeliona asubuhi, macho yalikuwa wazi kabisa. Mimi ndiye sikuwepo.

Baada ya hapo omba msamaha kwa maneno machache. Mwisho, chagua jambo moja la kesho, dogo kiasi kwamba litawezekana. Si "kesho nitakuwa na upendo." Mimi niliandika: nimwulize alilala wapi. Nikamwuliza. "Kwa jirani, mwalimu. Tulikaa tu." Nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia tusi. Ilikuwa vigumu kuliko kufunga siku tatu, na nimewahi kufunga siku tatu.

Katika daftari andika mstari mmoja tu kwa siku. Baada ya mwezi soma kurasa zote kwa pamoja. Katika mwezi wangu wa kwanza neno "haraka" lilijirudia mara 11. Hakuna nabii aliyewahi kuniambia kwamba adui yangu ni haraka.

Usishangae kama utamwona Mungu ukiwa umeshampita. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye, wakamtambua alipoumega mkate, naye akatoweka. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba mioyo yao ilikuwa ikiwaka njiani. Mapitio ya jioni hukusaidia kukumbuka hivyo hivyo.

Nne, usiyafute machozi upesi

Askofu mkuu wetu Christophe Munzihirwa, naye alikuwa Mjezuiti. Wakati mji huu ulipojaa wakimbizi kutoka Rwanda baada ya 1994, na chuki ikapanda bei kuliko chumvi, alisema wazi kwamba mkimbizi ni mtu, na akawasihi waamini wasimezwe na chuki. Aliuawa hapa hapa mjini, Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996. Neno lake linalokumbukwa kuliko yote ni hili: kuna mambo ambayo hayaonekani vizuri ila kwa macho yaliyolia.

Neno hilo linapingana na mazoea yetu. Mtu akifiwa tunawahi kumwambia ajikaze, Mungu ana mpango, usimkufuru. Tunafunika kidonda kabla hakijasafishwa. Lakini tazama Hajiri katika Mwanzo 21: amefukuzwa, maji yameisha, mtoto amemweka chini ya kichaka, anakaa mbali na kulia kwa sauti. Ndipo Mungu anamfumbua macho, naye anaona kisima. Biblia haisemi kisima kilichimbwa wakati ule.

Zoezi ni hili. Ukienda kwenye kilio, usiende na mahubiri. Kaa kwenye benchi angalau saa moja bila kutoa mafundisho yoyote. Mshike mwenye msiba mkono. Kama una msiba wako mwenyewe uliouweka kabatini tangu zamani, na katika Kivu ni nani hana, mtajie Mungu kwa jina: mtu yule, siku ile, barabara ile. Soma Zaburi ya 88. Ni zaburi inayoishia gizani, na ipo katika Biblia kwa kibali chote. Na kama machozi yako yanakunyima usingizi wiki hata wiki, ama unajihisi hutaki kuishi, tafuta pia muuguzi au mshauri aliyesomea. Dawa ya jicho na sala havigombani.

Tano, uliza nani yuko nyuma ya gunia

Sasa vuka ziwa Kivu mpaka Goma. Floribert Bwana Chui alizaliwa huko mwaka 1981. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo, wale watoto wa barabarani, na kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, mpakani. Akaletewa chakula kilichoharibika na fedha za kumfanya asikione. Alikataa, akaamuru kiteketezwe. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Watu humsifu kwa ushujaa wake, na ni haki. Mimi hunishangaza macho yake. Mbele yake palikuwa na magunia, karatasi, muhuri na dola. Yeye aliona mtoto wa Birere, mtaa wa Goma, akiwa na sahani. Fedha za hongo kazi yake ni hiyo: kukulipa ili watu wawe miti.

Huenda wewe si mkaguzi wa mpakani. Chagua shughuli moja ya wiki inayohusu fedha au saini, na kabla ya kuimaliza uliza swali moja: mwisho wa mstari huu kuna nani, na atakula nini? Muuza unga anayelowesha kipimo ajiulize. Mwalimu anayeuza alama ajiulize. Anayemcheleweshea kijakazi mshahara wa mwezi uliopita ajiulize. Jibu likija na uso, umeanza kuona. Likija na uso na ukaendelea vile vile, usiende kanisani kuomba maono mengine. Hilo ulilopewa linangoja.

Sita, ukiambiwa "nimeonyeshwa"

Yohana anasema tuzijaribu roho, na Paulo anawaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kwa hiyo kujaribu ni utii. Akija mtu na ujumbe, tazama kwanza unanyoosha kidole kwa nani. Ukimnyooshea mtoto, simama hapo hapo. Kumwita mtoto mchawi ni kosa la jinai katika nchi yetu kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na mtoto wa namna hiyo ahitaji kulindwa usiku ule ule, si kesho baada ya kesha.

Tazama kama ujumbe unadai fedha, haraka, au siri. Ukidai vyote vitatu sina la kuongeza. Tazama pia unakuacha vipi siku tatu baadaye: una amani ya kutubu na kufanya kazi, au hofu inayokurudisha kwa nabii yule yule? Na umpelekee mtu mwenye imani asiyefaidika nao chochote. Mzee wa kanisa, mtawa, bibi yako. Mabibi huona mbali.

Usifanye haya peke yako

Mtu mmoja akiona peke yake hujidanganya. Tafuta wawili katika shirika au kikundi chenu cha sala, mkutane mara moja kwa juma mbili, kila mmoja asome mistari mitatu ya daftari lake. Hakuna kushauriana, kusikilizana tu. Anayetaka kuungama akaungame. Hiyo ni njia nyingine na ina mlango wake.

Utakwama. Wiki ya tatu kwa kawaida kila kitu hukauka, sala inakuwa kama kutafuna makapi, na jioni usingizi unakupiga katikati ya shukrani. Punguza dakika, usiache. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, hutoka na taa zao usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawazifuati taa. Giza kwao ndiyo saa ya kazi, na kwako iwe hivyo. Kukwama kubaya zaidi ni kule kwa kujiona umeshafika: unaanza kuwaambia wenzako kwamba wao ni vipofu. Ukijikuta hapo rudi wiki ya kwanza, na daftari jipya.

Mimi nilirudi mara mbili. Mara ya pili, jambo langu la kesho lilikuwa: nimsalimu mama wa kuni. Jioni iliyofuata nilimwona akipanda, nikasogea pembeni kama kawaida, nikasema, "Pole na mzigo, mama. Unaitwa nani?"

Akasimama. Kwa sababu ya kamba hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa akitazama miguu yangu. Akaniambia jina lake, halafu akasema, "Wewe ni mwalimu. Mimi nakujua kwa viatu. Kila siku unanipisha. Aksanti sana."